Laptopu: Iachwe ikiwaka saa 24 au izimwe?

*Umeme wa kukatika, joto la ziwani na radi za masika vimelifanya swali hili kuwa la fedha na usalama wa kumbukumbu*

IKIFIKA jioni katika maduka ya Buyenzi, Bwiza na katikati ya jiji la Bujumbura, wenye biashara huhesabu mauzo, huzima taa na kufunga milango. Lakini kompyuta mpakato, ambayo wengi wanaiita laptopu, mara nyingi huachwa pale pale juu ya meza, chaja ikiwa ukutani, ikiwaka hadi asubuhi.

Sababu zinazotolewa ni nyingi. Wapo wanaosema mashine yao ni kuukuu na huchukua dakika nyingi kuwaka, hivyo ni afadhali isizimwe. Wapo wanaoamini kwamba kuzima na kuwasha kila siku ndiko kunakoiua. Wengine wanahofia kwamba umeme utakatika alfajiri, kwa hiyo wanataka betri ikae imejaa muda wote.

Upande wa pili wako wale wanaochomoa kila kitu kila wakati kwa kuogopa radi na mita ya Cash Power. Hawa nao hujikuta umeme umekatika, mteja amesimama mbele yao, na betri haina kitu.

Swali la nani yuko sahihi linaonekana dogo, lakini si dogo kwa mtu ambaye daftari lake la madeni, bei za mizigo ya Kigoma na orodha ya wateja wa Uvira vyote vimo ndani ya mashine moja. Si dogo pia kwa familia iliyorejea kutoka kambini Tanzania, ambayo vyeti vya shule vya watoto, karatasi za safari na picha za miaka mingi vimehifadhiwa humo humo.

Kifaa kikiharibika unaweza kununua kingine. Kilichokuwa ndani yake ndicho kisichonunulika.

Umeme wetu ulivyo

Jibu linalotolewa kwa mtu anayeishi Ulaya haliwezi kuwa lile lile kwa mtu wa Bujumbura, kwa sababu umeme si ule ule.

Kwa mujibu wa takwimu za Benki ya Dunia za miaka ya karibuni, karibu mtu mmoja tu kati ya kumi nchini Burundi ndiye anayepata umeme. Wengi wao wako mijini, na hasa Bujumbura, ambayo imebaki kuwa jiji kuu la biashara hata baada ya Gitega kutangazwa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019.

Umeme unaosambazwa na shirika la Regideso kwa miaka mingi umetegemea maji. Kituo cha Mugere chenye megawati 8 kilianza kazi mwaka 1982, na kile cha Rwegura chenye megawati 18 kikafuata mwaka 1986. Mwaka 1989 kikaja Ruzizi ya Pili, ambacho Burundi inagawana na Rwanda na Kongo.

Maji yakipungua wakati wa kiangazi, umeme nao hupungua. Ndiyo maana miaka ya karibuni nchi imeongeza vyanzo vingine, ikiwa ni pamoja na mtambo wa jua wa Mubuga wenye megawati 7.5 uliozinduliwa mwaka 2021, na mradi wa Rusumo wa megawati 80 unaogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania.

Hali hii si ya Burundi peke yake. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2006 na 2011 watakuwa wanakumbuka vizuri mgawo wa umeme wa miaka hiyo.

Kwa hiyo mtu wa ukanda huu anapouliza kama aiache kompyuta ikiwaka, anauliza pia maswali mengine mawili: umeme ukikatika ghafla itakuwaje, na ukirudi ghafla itakuwaje?

Betri ndiyo mlinzi wako wa kwanza

Tofauti kubwa kati ya laptopu na kompyuta ya mezani ni betri. Kompyuta ya mezani umeme ukikatika inazimika papo hapo, na barua uliyokuwa ukiichapa inapotea. Laptopu yenye betri nzima haisikii chochote. Taa za duka zinazimika, yenyewe inaendelea.

Hata betri ikikaribia kuisha, mashine nyingi zimepangwa kujilaza zenyewe. Zinaandika kila kilichokuwa wazi kwenye diski, kisha zinazimika kwa utaratibu. Umeme ukirudi unakuta kazi yako pale pale ulipoiachia.

Lakini ulinzi huo wote upo kwa sharti moja tu: betri iwe hai. Laptopu yenye betri iliyokufa, inayofanya kazi ikiwa tu imechomekwa ukutani, haina tofauti na ile ya mezani. Kila umeme unapokatika ni kama mtu ameing'oa plagi. Diski iliyokuwa katikati ya kuandika inakatishwa, na faili la hesabu linaweza lisifunguke tena.

Hapo ndipo hoja ya kuiacha ikiwaka muda wote inapoanza kupoteza nguvu, kwa sababu jambo linaloua betri haraka ni lile lile linalofanywa na wengi kwa nia ya kuitunza.

Joto na chaji iliyojaa

Betri nyingi za laptopu za leo ni za lithiamu, aina iliyoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991. Ni uvumbuzi mkubwa kiasi kwamba wanasayansi watatu, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019 kwa kazi iliyozaa betri hizo.

Betri hizo zina maadui wakubwa watatu: matumizi yenyewe, joto, na kukaa zimejaa kwa muda mrefu.

Tuanze na matumizi. Betri nyingi zimetengenezwa kuhimili mizunguko 300 hadi 500 kabla uwezo wake haujashuka hadi karibu asilimia 80, na baadhi ya mpya hufika 1,000. Mzunguko mmoja maana yake ni kutumia jumla ya asilimia 100. Ukitumia nusu leo na nusu kesho, huo ni mzunguko mmoja, si miwili. Kwa hiyo kuchomeka na kuchomoa mara kwa mara si kosa, kinyume na wanavyoamini wengi.

Adui wa pili na wa tatu hushirikiana. Takwimu zinazotumiwa sana na mafundi wa betri zinaonyesha kwamba betri ya lithiamu iliyohifadhiwa mwaka mzima kwenye joto la nyuzi 25 ikiwa na chaji ya asilimia 40 hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake. Ikihifadhiwa katika joto hilo hilo lakini imejaa kabisa, hubaki na asilimia 80 hivi. Joto likifika nyuzi 40 na betri imejaa, hubaki na asilimia 65 tu.

Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mwinuko wa chini ya mita 800, na mchana joto hufika nyuzi 30 mara nyingi. Ndani ya duka lililofungwa, chini ya bati, juu ya mashine inayowaka na kutoa joto lake yenyewe, nyuzi 40 kwenye betri si jambo la ajabu.

Hivyo aliyeiacha laptopu ikiwaka na kuchaji kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ameiweka betri yake katika hali mbaya kuliko zote: imejaa, na ina joto. Akifanya hivyo kila wiki, asishangae baada ya mwaka mmoja au miwili ikiwa betri inakaa dakika 20 tu.

Asilimia 80 au 100?

Watengenezaji wengi, wakiwemo Lenovo, Dell na ASUS, siku hizi wanaweka katika mashine zao mpangilio wa kuzuia chaji isipite kiwango fulani, mara nyingi asilimia 80. Anayetumia mashine ikiwa imechomekwa siku nzima anashauriwa kuuwasha mpangilio huo.

Ushauri huo ni mzuri, lakini mtu wa Bujumbura ana haki ya kuuliza: umeme ukikatika saa sita, ile asilimia 20 niliyoiacha si ndiyo ningeitumia?

Ni kweli. Ikiwa mashine yako inakaa saa tano ikijaa, asilimia 80 itakupa saa nne. Unapoteza saa moja leo ili betri iishi muda mrefu zaidi. Kila mmoja apime kwa hali ya mtaa wake. Ambaye umeme wake hukatika saa moja au mbili anaweza kubaki kwenye asilimia 80 bila wasiwasi. Ambaye hukatiwa siku nzima aijaze betri hadi 100, lakini aijaze asubuhi kabla ya kazi na kuitumia siku hiyo hiyo. Kosa ni kuijaza Ijumaa na kuiacha imejaa kwenye joto hadi Jumatatu.

Ikiwa mashine haina mpangilio huo, njia ni rahisi: ikijaa, chomoa. Ikishuka hadi asilimia 30 au 40, chomeka tena. Na kama hutaitumia kwa wiki kadhaa, izime ikiwa na chaji ya karibu nusu na uiweke mahali pa baridi.

Hesabu ya uniti

Wengi wanadhani laptopu inakula umeme mwingi kama pasi. Si kweli. Laptopu ya kawaida inapofanya kazi hutumia wati 20 hadi 60. Ikiwa inawaka bila kuguswa hutumia kama 10 hadi 20. Ikilazwa hutumia wati moja au mbili, na wakati mwingine chini ya hapo.

Tuchukue mfano wa duka lenye laptopu moja inayofanya kazi saa 8 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa wastani wa wati 30. Hizo ni saa 208, sawa na uniti 6.24 kwa mwezi.

Mwezi wa siku 30 una saa 720. Zinabaki saa 512 ambazo hakuna mtu mbele ya mashine. Ikiachwa ikiwaka kwa wati 15, saa hizo zitakula uniti 7.68. Ikilazwa kwa wati moja, zitakula nusu uniti tu.

Maana yake ni kwamba kuiacha ikiwaka kunakugharimu uniti 13.9 kwa mwezi badala ya 6.75, na zaidi ya nusu ya umeme huo umeliwa usiku na Jumapili, wakati duka limefungwa.

Kwa mashine moja si fedha ya kumfilisi mtu. Lakini wenye vibanda vya kuchapa barua na kutoa fotokopi wana mashine tatu au nne. Chukua risiti yako ya mwisho ya Cash Power, gawanya fedha uliyolipa kwa uniti ulizopewa, upate bei ya uniti moja. Zidisha kwa 7, kisha kwa idadi ya mashine. Uniti hizo 7 kwa mashine moja zinatosha kuwasha taa ya LED ya wati 9 mwezi mzima, usiku na mchana.

Kwa anayetumia jenereta hesabu ni kali zaidi, hasa baada ya uhaba wa mafuta ya petroli ulioisumbua nchi miaka ya karibuni. Kwa anayetumia umeme wa jua, kila wati inayopotea usiku inatoka kwenye betri ambayo kesho asubuhi huenda kukawa na mawingu.

Je, kuzima na kuwasha kunaharibu?

Imani hii ina asili yake. Zamani diski za kompyuta zilikuwa na sahani zinazozunguka, na kila zilipoanza au kusimama vipuri vyake vilisuguana. Watengenezaji wengi wa diski za mezani za wakati huo walizipima kwa kuwashwa na kuzimwa mara 50,000.

Lakini fanya hesabu. Mtu akiizima na kuiwasha mashine mara 10 kila siku, kwa mwaka ni mara 3,650. Itamchukua zaidi ya miaka 13 kufika 50,000. Mashine nyingi zitakuwa zimekufa kwa sababu nyingine zamani. Na diski mpya zisizo na sahani, zinazojulikana kama SSD, hazina kitu cha kuzunguka kabisa.

Kinyume chake, kuacha kuwaka kuna madhara yake. Feni huvuta hewa saa zote, na katika miezi ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba, hewa hiyo ina vumbi jingi. Vumbi hujaa kwenye matundu, joto hupanda, feni hukimbia zaidi na kuvuta vumbi zaidi. Feni inayozunguka saa 24 itachakaa mara tatu ya ile inayozunguka saa 8.

Programu nazo zinahitaji kuanza upya. Kuna kisa maarufu cha Windows 95 na 98: mashine iliyoachwa ikiwaka bila kuzimwa ilikuwa ikiganda baada ya siku 49.7, kwa sababu saa yake ya ndani ilikuwa ikihesabu kwa sehemu ya elfu ya sekunde hadi namba zikaisha. Microsoft ilitoa dawa ya kasoro hiyo mwaka 1999.

Mashine za leo hazina kasoro hiyo, lakini marekebisho ya usalama bado huwa hayakamiliki mpaka mashine iwashwe upya. Isiyowashwa upya kwa miezi inakuwa mlango wazi kwa virusi.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Tangu Windows 8, katika mashine nyingi ukichagua kuzima, kompyuta haijisafishi kabisa; huhifadhi sehemu ya kumbukumbu yake ili iwahi kuwaka kesho. Anayetaka mashine ianze upya kwa ukamilifu achague neno "Restart" badala ya "Shut down". Mara moja kwa wiki inatosha.

Umeme unaporudi

Mafundi wengi wa vyombo vya umeme watakwambia kwamba hatari kubwa si umeme unapokatika, bali unaporudi. Wakati huo friji, pasi na mashine za mtaa mzima zinaanza kwa pamoja, na nguvu ya umeme hupanda na kushuka. Kipigo hicho hupokelewa kwanza na chaja, na chaja ikishindwa hupokelewa na laptopu yenyewe.

Ushauri ni huu: umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano hadi kumi mpaka taa zitulie, ndipo uchomeke. Kwa aliyeiacha mashine dukani usiku haiwezekani, kwa kuwa hayupo. Hiyo ni sababu tosha ya kuchomoa kabla ya kufunga mlango.

Kuna pia radi. Ukanda wetu ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi zaidi duniani. Utafiti uliotumia satelaiti za NASA na kuchapishwa mwaka 2016 uliitaja Kabare, katika Kivu Kusini, kuwa ya kwanza Afrika na ya pili duniani baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, ikiwa na miale zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kabare ni jirani wa Bukavu, kaskazini mwa bonde hili hili la Ruzizi.

Kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme au stabilaiza husaidia kwa kupanda na kushuka kwa kawaida. Kwa radi ya karibu hakuna kifaa cha dukani kinachoshinda kuchomoa plagi. Na usisahau kuchomoa pia waya wa intaneti, kwani radi hupita humo vile vile.

Plagi za mpakani

Kwa wanaovuka Kobero, Mugina au Gatumba na bidhaa, kuna suala la plagi. Burundi inatumia volti 220 na soketi za matundu mawili ya duara. Tanzania inatumia volti 230, Kenya 240, na plagi zao nyingi ni za miguu mitatu ya bapa. Upande wa Uvira wengi wanatumia za duara kama zetu.

Volti zenyewe hazina shida kwa laptopu. Geuza chaja usome maandishi madogo: ikiwa imeandikwa "INPUT 100-240V, 50-60Hz", itafanya kazi Bujumbura, Dar es Salaam, Dubai na hata Marekani. Shida iko kwenye kiunganishi. Kile cha bei ndogo kilicholegea hucheza, hutoa cheche na kupata moto. Kukiacha usiku kucha, kimezungukwa na maboksi au vitambaa, ni kuomba moto uje.

Wafanyabiashara wa Bujumbura hawahitaji kufundishwa moto ni nini. Soko kuu la jiji liliteketea tarehe 27 Januari 2013, na watu wengi walipoteza mitaji yote kwa siku moja.

Badala ya kiunganishi, nunua waya mwingine wa chaja wenye kichwa cha duara. Waya huo huchomoka kwenye kiboksi cha chaja na bei yake ni ndogo.

Chaja yenyewe ikifa, angalia namba mbili kabla ya kununua nyingine. Volti ziwe sawa na za ile ya zamani, mfano 19.5. Ampea ziwe sawa au zaidi, kamwe zisipungue. Chaja nyepesi isiyo na uzito mkononi, yenye maandishi yaliyokosewa, iache dukani.

Betri nazo si za kuchezewa. Mwezi Agosti 2006 kampuni ya Dell ilirudisha betri milioni 4.1 zilizotengenezwa na Sony kwa hofu ya kushika moto, na Apple ikarudisha milioni 1.8. Hizo zilikuwa za makampuni makubwa. Fikiria za bandia. Laptopu ambayo sehemu ya chini imevimba, au padi ya kidole imeinuka, betri yake imeharibika. Izime, usiichaji tena, na wala usiitoboe.

Unaponunua iliyotumika

Laptopu nyingi zinazouzwa katika ukanda huu zimetumika Ulaya, Marekani au Dubai, na nyingi zilikaa ofisini zikiwa zimechomekwa miaka. Usikubali kuonyeshwa kwamba inawaka tu. Chomoa chaja mbele ya muuzaji na utazame.

Katika Windows kuna njia ya kupima. Fungua sehemu ya kuandikia amri, andika "powercfg /batteryreport", kisha fungua ripoti inayotengenezwa. Tazama namba mbili: "Design Capacity", yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na "Full Charge Capacity", yaani uwezo wake leo. Kama ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 30,000, betri imebaki na asilimia 60. Hiyo ni hoja ya kupunguziwa bei.

Uliza pia ni Windows ipi. Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11.

Anayesafiri kwa ndege kufuata mizigo akumbuke kwamba betri za akiba hubebwa mkononi, si kwenye mzigo wa chini, na zile zisizozidi saa-wati 100 kwa kawaida hazihitaji kibali maalumu. Anayesafiri kwa basi azime kabisa mashine kabla ya kuiweka kwenye begi. Iliyolazwa tu inaweza kuamka njiani, ikawaka ndani ya begi isikopata hewa, na ile yenye diski ya kuzunguka inaweza kuharibiwa na mashimo ya barabara.

Kilicho ndani ni kikubwa kuliko mashine

Kati ya mwaka 2002 na 2009 Warundi wapatao nusu milioni walirejea, wengi wao kutoka Tanzania. Baada ya mgogoro wa 2015 wengine zaidi ya laki nne walikimbia, na tangu 2017 wengi wamekuwa wakirudi kwa hiari kutoka kambi kama Nyarugusu na Nduta.

Kila aliyerudi anajua thamani ya karatasi. Tume ya ardhi na mali, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilisikiliza mashauri mengi ya watu waliokuta mashamba yao yana wenyewe wapya. Katika mashauri ya namna hiyo, mwenye karatasi na asiye nayo hawasimami mahali pamoja.

Leo karatasi hizo nyingi zimepigwa picha na kuwekwa kwenye kompyuta, na wengine wamezitupa za awali kwa kuamini kwamba mashine inatosha. Haitoshi. Laptopu huibwa, huanguka, hupigwa na umeme. Iliyoachwa ikiwaka bila neno la siri humpa mwizi kila kitu, pamoja na barua pepe na hesabu za biashara.

Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni ya namba tatu: uwe na nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni rahisi. Nakala moja kwenye laptopu, moja kwenye flashi iliyowekwa nyumbani, na moja uliyojitumia kwa barua pepe au uliyompa ndugu wa Kigoma. Karatasi halisi usizitupe.

Kwa daftari la madeni, nakili kila Ijumaa kabla ya kufunga duka. Ni kazi ya dakika mbili.

Basi ifanyweje?

Kwa kifupi, laptopu si ya kuachwa ikiwaka usiku na mchana, na wala si ya kuzimwa kila unapoinuka kwenda kunywa chai. Ukitoka kwa muda mfupi, ifunge ilale. Ukimaliza siku, izime, chomoa chaja na waya wa intaneti, na uifungie mahali salama. Mara moja kwa wiki iwashe upya.

Wapo wenye sababu ya kweli ya kuiacha ikiwaka, kwa mfano anayepakua faili kubwa usiku intaneti ikiwa na kasi. Huyo aiweke juu ya meza ngumu na si kitandani, mbali na maboksi, skrini ikiwa imezimwa na neno la siri limewekwa, na awepo nyumbani kuisikia mvua ikianza.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kwa laptopu ya Bujumbura tahadhari hiyo haihitaji fedha nyingi: ni mkono kwenye plagi kabla ya ufunguo mlangoni, na flashi moja ya akiba nyumbani.